Kiti Kilichoachwa Wazi: Nani Alimrithi Bab?

Miongoni mwa sheria alizoandika Bab, aliyeanzisha dini mpya nchini Iran mwaka 1844, akiwa kifungoni, iko moja ndogo ambayo wengi huipita haraka. Wafuasi wake wanapokutana, waache nafasi moja bila mtu kuikalia. Ni ya yule aliyemwita "Atakayedhihirishwa na Mungu". Siku ya kuja kwake haijulikani, kwa hiyo mahali pake pawe tayari.

Naanzia hapo kwa sababu ubishi wa nani alimrithi Bab, ubishi uliowatenganisha ndugu wawili wa baba mmoja, Baha'u'llah (wafuasi wake ndio Wabahai) na Subh-i-Azal (wafuasi wake ndio Waazali), hadi wa kwanza akafia Akka, Palestina, na wa pili Famagusta, Cyprus, huelezwa siku zote kama kesi ya mirathi: yupo marehemu, upo wosia, wapo wadai wawili, basi itafutwe karatasi. Karatasi zipo. Ukizisoma zote, kesi bado haiishi, kwa kuwa wadai hawakuwa wakigombea kitu kimoja. Azal alishika ukaimu. Baha'u'llah alisema kile kiti kitupu ni chake.

Saa mbili na dakika kumi na moja usiku

Bila Ushia wa Ithnaashari habari hii haishikiki. Msomaji wa pwani anawajua Maithnaashari kwa misikiti yao ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, mingi ikiwa imejengwa na Makhoja. Kwa imani yao, Imamu wa 12 alighibu mwaka 260 wa Hijria. Kwa miaka kama sabini hivi alikuwa akisema na watu kupitia manaibu wanne, mmoja akifa anashika mwingine, na manaibu hao waliitwa pia milango, kwa Kiarabu *bab*. Wa nne alipofariki, mwaka 941 wa Miladia, hakutajwa wa tano, na mlango ukafungwa.

Sasa hesabu. Mwaka 1260 wa Hijria ulianza Januari 1844. Toka 260 hadi 1260 ni miaka elfu moja kamili, na nchini Iran na kwenye miji mitakatifu ya Iraki watu walikuwa wakiuhesabu mwaka huo. Waliousubiri kwa hamu zaidi ni wanafunzi wa madhehebu ya Kishaykhi, yaliyoanzishwa na Shaykh Ahmad al-Ahsa'i na baada yake kuongozwa na Sayyid Kazim Rashti kule Karbala. Sayyid Kazim alifariki mwaka huo ulipokuwa unaingia, na hakuacha jina la mtu. Kwa hiyo kabla hata ya Bab kusema neno, tayari palikuwa na tatizo la urithi. Baadhi ya wanafunzi walimfuata Karim Khan wa Kirman, mtu wa ukoo wa kifalme wa Qajar. Wengine walibaki Karbala na Mirza Hasan Gawhar. Wengine wakaenda kukaa itikafu katika msikiti wa Kufa, wakifunga na kuomba waonyeshwe njia, na mmoja wao alikuwa Mulla Husayn wa Bushruyih.

Kutoka Kufa, Mulla Husayn alikwenda Shiraz (mji ambao jina lake si geni pwani kwetu). Huko alikutana na Sayyid Ali Muhammad, kijana wa miaka 24 aliyelelewa na wajomba zake wafanyabiashara na kuwahi kuendesha duka katika bandari ya Bushehr. Hakuwa shehe, na elimu yake ya chuo ilikuwa ndogo. Usiku wa Mei 22, 1844 alimwambia mgeni wake kwamba yule mnayemtafuta ndiye mimi. Baadaye aliandika saa yenyewe: saa mbili na dakika kumi na moja baada ya jua kutua. Wazungu wanaosimulia usiku huo hulazimika kukokotoa saa. Sisi hatuna kazi hiyo, ilikuwa saa mbili na dakika kumi na moja usiku, basi.

Alijiita Bab, Mlango, na watu wengi walimwelewa kuwa anadai kuwa naibu wa Imamu aliyeghibu, yaani ule mlango wa karne ya kumi umefunguliwa upya. Lilikuwa dai kubwa, lakini la kuvumilika. Mwaka 1848, alipofikishwa Tabriz mbele ya maulamaa na mrithi wa kiti cha enzi, alitamka wazi kuwa yeye ndiye Qa'im mwenyewe, yaani yule Imamu aliyeghibu, aliyengojewa miaka elfu. Maandishi yake ya kifungoni yalishavuka hata hapo: yeye ni Nukta ya Kwanza, mleta kitabu kipya na sheria mpya.

Angalia linalotokea kwa walio chini yake. Kiongozi akipanda ngazi, kila mtu nyuma yake anapanda pia. Bab alipoanza kutumia majina makubwa zaidi, lile jina la "Bab" lilimwendea Mulla Husayn. Katika dini nyingine cheo kinakaa pale pale na watu ndio wanaopita. Hapa vyeo vyenyewe vilikuwa vinatembea. Ukimuuliza Mbabi wa mwaka 1848 nani ni nani, jibu lingetegemea barua aliyoipata mwisho.

Herufi kumi na nane

Wa kwanza kuamini walikuwa watu 18, walioitwa Herufi za Aliye Hai. Namba hiyo ilikusudiwa. Kwa hesabu ya abjadi, ile ile wanayoitumia walimu wetu wa falaki, neno *Hayy*, yaani Aliye Hai, ni ha 8 na ya 10, jumla 18. Mwongeze Bab mwenyewe unapata 19, nayo ni hesabu ya neno *Wahid*, Mmoja: wau 6, alifu 1, ha 8, dali 4. Tena 18 hao walihesabiwa kuwa ni kurejea kwa watu watukufu wa zamani: Mtume, Bibi Fatima na Maimamu 12, ambao ni Maasumu 14, pamoja na wale manaibu wanne. Kumi na nne na nne.

Ukilitazama jambo hili kwa macho ya uongozi, unaona nguvu na udhaifu wake kwa pamoja. Bab hakuweka mtu wa pili. Aliweka duara. Kila mmoja katika duara hilo alikuwa mtu mzito kwa nafsi yake, kila mmoja alitumwa upande wake, na hakuna aliyeambiwa kwamba wenzake wote wako chini yake. Mulla Husayn alikuwa wa kwanza kuamini. Mulla Muhammad Ali wa Barfurush, aliyepewa jina la Quddus, alikuwa wa mwisho, na huyo wa mwisho ndiye aliyefuatana na Bab hadi Makka, na mwishoni wa kwanza alimtii wa mwisho. Tahirih, mwanamke pekee kati yao, hakuwahi kumwona Bab uso kwa uso. Aliamini kwa barua, na hilo halikumzuia kuwa na sauti kuliko wanaume wengi waliomwona.

Njia ya kueneza uongozi namna hii inafaa sana mwenyewe anapokuwepo. Lakini Bab hakuwepo. Kuanzia 1847 alikuwa mfungwa kwenye milima ya kaskazini-magharibi mwa Iran, kwanza ngome ya Maku, kisha Chihriq. Wafuasi walibaki wanaendeshwa na barua zinazofichwa nguoni mwa wasafiri.

Matokeo yalionekana Badasht, kiangazi cha 1848. Wababi 81, kwa simulizi ya Wabahai, walikutana hapo, na zilikodiwa bustani tatu: moja ya Quddus, moja ya Tahirih, na ya tatu ya kijana wa ukoo wa maofisa wa serikali kutoka Nur, Mirza Husayn Ali, aliyegharimia mkutano na ambaye baadaye angeitwa Baha'u'llah. Swali lilikuwa kama sheria ya zamani bado inawabana au imeshapita. Tahirih alijibu kwa kutokea mbele ya wanaume bila ushungi. Mwanaume mmoja alijikata koo kwa mshtuko. Quddus alikaa kimya na upanga mkononi, ghadhabu usoni. Baadaye wawili hao walipatana, na wapo wanaosema hata ule ugomvi ulipangwa ili watu wazoee jambo jipya pole pole. Kwangu mimi muhimu ni kwamba palikuwa na viongozi watatu katika uwanja mmoja, na hakuna aliyekuwa na waraka wa kuwaambia wengine wakae chini.

Kisha vifo. Oktoba 1848 Mulla Husayn na Quddus walijifungia na mamia ya Wababi katika kaburi la Shaykh Tabarsi, msituni Mazandaran, wakazungukwa na jeshi la serikali hadi Mei 1849. Mulla Husayn aliuawa Februari. Quddus alitolewa ngomeni kwa ahadi iliyoapiwa juu ya Kurani, ahadi ikavunjwa, akauawa na umati katika mji wake mwenyewe. Herufi tisa kati ya 18 ziliangamia katika mapigano hayo. Mulla Ali Bastami, Herufi nyingine, alikuwa ameshafia mikononi mwa Waosmani. Viongozi wengine wa Kibabi walifuata: mwaka 1850 ukamchukua Vahid kule Nayriz, vita vya Zanjan vikammaliza Hujjat, na Julai 9, 1850 Bab mwenyewe alipigwa risasi katika uwanja wa kambi ya Tabriz.

Hakuwa na mtoto wa kumrithi; mwanawe pekee, Ahmad, alifariki mchanga.

Kasha moja, simulizi mbili

Hapo ndipo anapoingia Mirza Yahya, mashuhuri kwa jina la Subh-i-Azal, Alfajiri ya Milele. Alikuwa mdogo wa Baha'u'llah kwa baba, mama mbalimbali. Mama yake alifariki akimzaa, na mama wa Baha'u'llah ndiye aliyemlea. Bab alipouawa, Yahya alikuwa na miaka kama 19. Hakuwa miongoni mwa Herufi, hakupigana Tabarsi, na hakuwahi kuonana na Bab.

Lakini alikuwa ameandika. Baada ya kifo cha Quddus, Bab alikuwa na majonzi makubwa, na barua za kijana huyu, zenye mtindo ule ule wa aya kama zake, zilimfariji. Upo waraka wa Bab unaomwelekea Yahya, unaomtukuza kwa maneno mazito na kumwagiza ahifadhi Bayan, kitabu cha dini hiyo mpya.

Na lipo kasha. Bab alipoona mwisho umekaribia, alikusanya maandishi yake, kalamdani yake na mihuri yake, akavituma. Hadi hapo pande zote mbili zinakubaliana. Kisha njia inagawanyika. Waazali, na kitabu kiitwacho *Nuqtat al-Kaf* ambacho Edward Browne wa Cambridge alikichapisha mwaka 1910 kutokana na nakala iliyokuwa Paris, wanasema vitu vya Bab, mpaka nguo na pete, vilimwendea Yahya kama alama ya kurithi. Wabahai wanasema kasha lilichukuliwa na Mulla Baqir, ile Herufi iliyoishi muda mrefu kuliko nyingine zote, akalifikisha Qum kwa Mulla Abdul-Karim, katibu, na huyo akaambiwa alipeleke Tehran mkononi mwa Baha'u'llah. Ndani yake, wanasema, mlikuwa na karatasi ya buluu iliyoandikwa kwa hati nyembamba mno katika umbo la nyota, na humo neno *Baha* limenyambuliwa kwa namna 360.

Nani mkweli? Ukilibana swali hilo kuhusu kasha, hufiki mbali. Lakini ukiuliza kama Yahya alitajwa kuwa mkuu, naona jibu ni ndiyo, na sisemi hivyo kwa kutegemea Waazali. Mwanadiplomasia wa Kifaransa Gobineau aliyekaa Tehran alichapisha kitabu mwaka 1865, kabla ndugu hawajaachana hadharani, na alimtaja kijana huyo kuwa ndiye aliyeshika baada ya Bab. Wabahai wenyewe hawakatai. Abdu'l-Baha, mwana wa Baha'u'llah, alieleza kwamba uteuzi ule ulikuwa pazia: Baha'u'llah alishajulikana mno na serikali, hatari ilikuwa juu yake, basi wakakubaliana na Mulla Abdul-Karim jina la mdogo mtu liwekwe mbele ili macho yahame, naye Bab akaridhia. Pazia halikatai kwamba mtu aliwekwa. Linabishana juu ya sababu ya kuwekwa.

Kwa hiyo swali lenye uzito ni hili: aliwekwa kuwa nini? Bayan haina cheo cha khalifa chenye mipaka, masharti na utaratibu wa kumpata anayefuata. Inazungumza juu ya vioo. Bab ni jua, na waumini wakubwa ni vioo vinavyoakisi mwanga wake. Kioo kinaweza kuwa kikubwa kuliko kingine, kikang'aa kuliko kingine, lakini kikigeuzwa upande hakina mwanga wake chenyewe. Na mbele ya vioo vyote kuna ahadi ya jua jingine, ambalo likichomoza kila kioo kinapaswa kuligeukia. Bab aliandika hata kwamba akitokea mtu anadai kuwa ndiye, msimkimbilie kwa kumkadhibisha, msije mkamhuzunisha mwenyewe. Fikiria kuongoza jumuiya yenye sheria kama hiyo. Mkaimu analinda kiti ambacho yeye haruhusiwi kukikalia, na hana mamlaka ya wazi ya kumfukuza anayekuja kukikalia.

Hata kitabu chenyewe kilibaki wazi. Bayan ya Kiajemi ilipangwa iwe na sehemu 19 zenye milango 19 kila moja, jumla milango 361. Iliishia sehemu ya 9, mlango wa 10. Azal aliandika nyongeza akiamini ana ruhusa. Wabahai wanasema iliachwa pungufu kwa makusudi.

Mkaimu asiyeonekana

Agosti 15, 1852 Wababi wachache, wakitaka kulipiza kisasi cha Bab, walimvizia mfalme wa Iran, Nasir al-Din Shah, na kumpiga bastola iliyojaa marisau ya kuwindia ndege. Alijeruhiwa kidogo tu. Kilichofuata hakikuwa kidogo: Wababi walikamatwa na kuuawa kwa mateso ya kutisha, Tahirih akiwemo. Baha'u'llah alitupwa Siyah-Chal, shimo la giza la Tehran, kwa miezi minne, kisha akafukuzwa nchi, akafika Baghdad Aprili 1853. Azal alikwishatoroka amejigeuza darweshi, naye akaishia Baghdad.

Huko Azal aliongoza kwa kujificha. Wafuasi hawakumwona, maagizo yalitoka kupitia watu wachache. Kwa mtu anayewindwa na Shah, kujificha si woga peke yake. Na kwa Shia, kiongozi aliyeghibu si jambo la ajabu. Lakini jumuiya iliyovunjika ilihitaji mtu wa kumkalia mbele na kumuuliza, na mtu huyo hakuonekana.

Basi wakaanza kujitokeza wengine. Vyanzo vya Kibahai vinataja watu wasiopungua 25 waliodai kwamba ni Aliyeahidiwa au wana daraja ya karibu na hiyo. Sayyid Basir, kipofu kutoka India, alikuwa na wafuasi. Nabil wa Zarand, ambaye baadaye aliandika historia kubwa ya Wabahai, naye aliwahi kudai kabla hajatubu. Aliyetikisa zaidi ni Mirza Asadullah wa Khuy, msomi ambaye Bab mwenyewe alimpa jina la Dayyan. Piga abjadi: *Asad* ni alifu 1, sini 60, dali 4, jumla 65. *Dayyan* ni dali 4, ya 10, alifu 1, nuni 50, nayo 65. Mtu ambaye jina lake limefungwa hivyo na Bab alikuwa na haki ya kujiona si wa kawaida. Azal aliandika kitabu kizima kumlaani, na Dayyan aliuawa na Mbabi mwenzake. Wabahai humtwika Azal damu hiyo.

Kwangu, kisa cha Dayyan kinaeleza Ubabi wa miaka ya 1850 kuliko vita vyote. Mkaimu hakuwa na hoja ya kitabu ya kumnyamazisha mdai, kwa sababu kitabu kilisema kiti kiachwe wazi. Palibaki laana na kisu.

Baha'u'llah alifanya kinyume. Aprili 1854 aliondoka Baghdad kimya kimya, akaishi kwenye milima ya Sulaymaniyah kwa Wakurdi kama darweshi aitwaye Muhammad, karibu miaka miwili. Aliporudi Machi 1856, na pande zote zinadai kwamba aliitwa, ila hawakubaliani ni nani aliyemwita, alikuta jumuiya haina mshipi. Alianza kuonekana. Alikaa na watu barazani, alijibu maswali, aliandika, na aliwakataza Wababi kubeba silaha. Wasafiri kutoka Iran walikuja wakimtafuta Azal, wakaondoka wamezungumza na kaka yake. Kwa miaka saba hakuna tangazo lililotolewa, na uongozi ukawa umehama.

Aprili 1863, akiwa katika bustani nje ya Baghdad kabla ya kupelekwa Istanbul, Baha'u'llah aliwaambia watu wachache kwamba yeye ndiye Atakayedhihirishwa na Mungu. Kutoka Istanbul walihamishiwa Edirne, na huko, mwaka 1866, Azal alisomewa dai hilo wazi na kutakiwa atii. Alikataa. Nyumba ikagawanyika, na kila upande una kisa cha sumu ambamo mwenye kutia ni yule mwingine. Katika kile cha Waazali hata harufu ya vitunguu kwenye sahani imetajwa. Mwaka 1867 palipangwa pambano la maapizano, yaani kuomba laana ya Mungu imshukie mwongo, ndani ya msikiti wa Sultan Selim. Baha'u'llah alifika. Azal hakutokea.

Hoja za vitabu sasa zilitoka hadharani, na ni vizuri kuziona zilivyo. Waazali walishika namba. Bab alipozungumzia muda wa kuja kwa Aliyeahidiwa alitaja maneno *Ghiyath* na *Mustaghath*, ambayo kwa abjadi ni 1511 na 2001. Dini gani, waliuliza, inafutwa baada ya miaka 19, kabla hata sheria zake hazijatekelezwa popote? Hoja hiyo haina uzembe, na anayeidharau hajaisoma Bayan. Wabahai walijibu kwamba namba hizo ni ukomo wa mwisho tu, kwamba siku ni ya Mungu, na kwamba Bab alitaja mara nyingi "mwaka wa tisa". Toka 1260 hesabu tisa: 1269, mwaka unaoanza Oktoba 1852, Baha'u'llah akiwa na minyororo shingoni katika Siyah-Chal, ambako alisema wahyi ulimjia.

Utaona kwamba ubishi huu hauna cha kumfanya Azal awe mrithi wa uongo. Baha'u'llah hakuhitaji kukana kwamba mdogo wake alitajwa. Jua likichomoza, ukaimu wa kioo unakwisha wenyewe.

Ndugu wawili, bandari mbili

Serikali ya Osmani ilichoshwa na wote. Mwaka 1868 Baha'u'llah alipelekwa Akka, Azal akapelekwa Famagusta, kisiwani Cyprus, na kwa ujanja wa kiofisa Wabahai wanne waliwekwa pamoja na Azal na Waazali kadhaa wakawekwa pamoja na Baha'u'llah, ili wapelelezane. Cyprus mambo yalikuwa ya kimya. Akka, Januari 1872, Wabahai kadhaa waliwaua Waazali watatu. Baha'u'llah alilaani kitendo hicho, lakini hakikufutika.

Browne aliwatembelea wote wawili majira yale yale ya 1890, Machi kule Famagusta na Aprili kule Bahji, karibu na Akka. Mmoja alikuwa mzee mpole anayelipwa posho na Waingereza, waliokitawala kisiwa tangu 1878, na wafuasi wake hawakujaa hata mtaa mmoja. Mwingine alikuwa amezungukwa na mahujaji.

Baha'u'llah alikuwa ameona vizuri kinachotokea mtu akifa na kuacha vioo vingi. Alipofariki Mei 1892, wosia wake ulifunguliwa na kusomwa mbele ya mashahidi, ukimtaja Abdu'l-Baha kwa uwazi. Naye Abdu'l-Baha akaacha wosia wake. Ndiyo sababu Wabahai wa leo, hata wale wanaokutana katika hekalu la Kikaya, Kampala, lililofunguliwa Januari 1961, wanafundishwa mapema kabisa habari ya Agano, yaani huo utaratibu wa kumtaja mrithi kwa wosia.

Waazali hawakutoweka bila alama. Baadhi ya watu wenye fikra kali katika vuguvugu la katiba nchini Iran walitoka kwao. Mirza Aqa Khan Kirmani na Shaykh Ahmad Ruhi, wakwe wa Azal wote wawili, waliuawa Tabriz mwaka 1896. Azal alimteua Mirza Hadi Dawlatabadi ashike baada yake, lakini mteule alitangulia kufa.

Azal mwenyewe alifariki Famagusta Aprili 29, 1912. Hapakuwa na waumini wa Bayan wa kumfanyia maziko kwa taratibu walizoachiwa na Bab, kwa hiyo imamu wa mji ndiye aliyekuja na wenzake, wakamwosha, wakamsalia na kumzika kwa sheria za Kiislamu.